UZI: "Nimfanyeje aache?" Tuongee kuhusu kubadili tabia ya mtu kwa huruma, nyumbani na kazini (mrefu kidogo, vumilieni)

Mwl_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilipita Patandi (chuo cha ualimu wa elimu maalumu), sasa nipo kitengo kimoja hapa Mtwara mjini. Nimeona niandike maana karibu kila wiki mzazi au mwalimu mwenzangu ananiuliza swali lile lile, nimfanyeje aache. Aache kupiga kelele, aache kujing'ata, aache kukimbia, aache kuvua nguo mbele za watu. Ni wachache sana wanaouliza anafanya kwa nini, na mimi naona hapo ndo pa kuanzia.

Kuna elimu inaitwa uchambuzi wa tabia. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi, tabia yoyote inayojirudia kuna kitu inampatia mwenyewe. Angalia kilichotokea kabla, angalia alichofanya, angalia kilichofuata, ukifanya hivyo kwa uvumilivu utaona kazi ya ile tabia. Mara nyingi anataka mtu amjali, au anataka kitu, au anakwepa jambo linalomshinda au linalomuumiza, au mwili wake wenyewe unapata nafuu kwa kile kitendo hata kama hakuna mtu karibu. Mzizi wake ni B.F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, yule wa majaribio ya panya na njiwa, alafu 1968 watafiti wakina Baer, Wolf na Risley wakaandika kwamba elimu hii itumike kwenye matatizo yanayowagusa watu kweli kweli na sio maabara peke yake. 1982 mtafiti Iwata na wenzake wakaonyesha kwa kupima kwamba watoto wanaojiumiza hawajiumizi kwa sababu moja. Mmoja anajipiga ili aachiwe kazi, mwingine ili mtu aje, mwingine anaendelea hata ukimwacha peke yake. Sasa fikiria mwalimu mwenye dawa moja tu ya "mtoe nje", yule wa kwanza umemlipa kabisa, kapata alichokuwa anakitafuta, kesho atajipiga tena na mapema zaidi.

Nitoe mfano wa darasani (nimebadili mambo madogo ili mtoto asijulikane). Kuna kijana alikuwa anajing'ata mkono mpaka damu. Watu walishasema mengi, wengine mizimu, wengine mama kamdekeza. Tukachukua daftari la kawaida la mistari tukapiga safu tatu, kabla, tabia, baada, na kila mtu mzima aliyekuwepo anaandika bila kutoa hukumu, yaani huandiki "alikuwa mkorofi" unaandika "daftari zilitolewa, akang'ata mkono wa kulia, msaidizi akamtoa nje chini ya mwembe". Baada ya muda mambo yakajisema yenyewe, anajing'ata pale tu kazi ya kuandika inapoanza. Hajing'ati kwenye nyimbo, hajing'ati kwenye uji, hajing'ati uwanjani.

Hapo mwalimu mwenye haraka anasema basi asitolewe nje, akae aandike mpaka azoee. Sisi tulifanya vitu viwili. Cha kwanza tukamfundisha njia nyingine ya kusema kile kile, kadi ya boksi yenye picha ya mtoto kakaa chini ya mti, akiigusa anapumzika PAPO HAPO, hata akiigusa kila dakika, na wala hatukumwekea masharti mwanzoni. Njia hii watafiti Carr na Durand waliiandika 1985 na mpaka leo ndo naiamini kuliko zote, maana humnyang'anyi mtoto sauti yake, unampa nyingine isiyomuumiza. Baadae kabisa, akishajua kadi inafanya kazi, ndo unamwomba asubiri kidogo, herufi moja kwanza, alafu mbili. Cha pili tukajiuliza ile kazi yenyewe ina haki? Kumbe vidole vyake havina nguvu, penseli inamtesa. Tukampa chaki nene aandike sakafuni. Kujing'ata kulipungua sana, na mimi naamini chaki ilichangia sawa na kadi.

Kwangu huruma ndo hiyo. Watu wakisikia huruma wanadhani ni kumwachia mtoto kila kitu. Mimi nazungumzia kukubali kwamba labda wa kubadilika kwanza ni mimi, au kazi niliyompa, au kelele za darasa, au joto la lile bati.

Na sio watoto tu. Chukua zahanati yoyote huku kwetu, mama katoka kijijini kwa mguu, kafika saa nne wakati kliniki ya watoto inaanza asubuhi na mapema, anapokelewa kwa maneno makali mbele ya wenzake. Muuguzi anaamini anaadhibu kuchelewa. Lakini mama kaadhibiwa kwa nini hasa? Kwa kuja. Kuchelewa kulishapita, kitendo kilichopokea yale maneno ni kufika. Mwezi unaofuata hachelewi, haji kabisa. Ukimpokea vizuri, ukampima mtoto, alafu mkiwa pembeni ukamuuliza nini kinamchelewesha, utasikia ni msimu wa kuokota korosho na asubuhi ndo muda wake shambani, au anasubiri kivuko kutoka Msangamkuu. Hapo unaweza kubadili saa. Ukishamgombeza huwezi kubadili chochote.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Baba_Wanne_Masasi

Mwalimu nimesoma yote, heshima yako. Ila nina mambo mawili. Moja sisi tulichapwa na tumekuwa watu, sasa hivi mtoto hachapwi na anamjibu mama yake. Pili hizi zawadi na kadi naona ni rushwa, unamfundisha mtoto afanye jambo jema ili apewe kitu, akikua atakuwa mtu wa kusubiri bahasha.

Mwl_Shangani

Baba Wanne asante, haya ni maswali ya watu wengi.

Fimbo inazima tabia, sikatai, ndo maana mtu anayechapa anaona imefanya kazi na kesho anachapa tena. Yaani fimbo inamfundisha mchapaji kuchapa. Ila angalia inazima kwa muda gani na mbele ya nani. Mtoto ananyamaza mwenye fimbo akiwepo, akitoka yanarudi, na kile alichotakiwa kufanya badala yake hajafundishwa na mtu. Skinner mwenyewe alilisema hilo la adhabu kuzima kwa muda tu, na alikuwa mpinzani wa adhabu. Na kwa shule, hata kanuni zetu za 2002 zinasema viboko visizidi 4 na mchapaji ni mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, kwaiyo hii ya kila mwalimu na fimbo yake kwapani haipo kwenye sheria. Kwa mtoto wa kwangu asiyeweza kusema kichwa kinamuuma, kumchapa ni kumwadhibu kwa kuumwa.

Kuhusu rushwa. Wewe ukipeleka korosho zako AMCOS (chama cha ushirika), mnada umepita, hela haijaingia, msimu ujao utapeleka kwa moyo ule ule? Na ukilipwa kwa wakati nani atasema umehongwa? Rushwa ni kumpa mtu kitu afanye lisilo haki kwa faida ya mtoaji. Huyu mtoto kadi yake inampa kitu anachokihitaji yeye. Alafu malipo sio lazima pipi, kuna mtoto kwangu malipo yake makubwa ni kupewa muda aangalie feni inavyozunguka, basi.

Mama_Z_Mikindani

Mwalimu shikamoo. Mimi mwanangu ana usonji (autism), miaka sita, haongei. Anakimbia. Ukigeuka tu kaelekea baharini, siku nyingine wavuvi ndo wananirudishia. Ukweli mlango naufunga na kamba na kuna siku mkono wake pia niliufunga kwenye kitanda ili nipike. Mnaongelea huruma kwa mtoto nakubali, ila huruma kwa mama iko wapi, baba yake kaondoka, upande wa mume wanasema nimemleta mimi hili jini, kila mtu akija anajua kusema usifanye hivi usifanye vile hakuna anayekaa nae hata nikaoge.

Muuguzi_Mstaafu_Nachi

Mwanangu Mama Z pole sana, usiku huu nimekusoma mara mbili. Nilifanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto miaka mingi huku Nachingwea na alichosema mwalimu kuhusu kina mama ni kweli tupu, wanaotukanwa hawarudi, na wasiporudi tunawaita wazembe. Usiache kwenda kwa kuogopa maneno ya watu. Na mpeleke mtoto akaangaliwe masikio, meno na tumbo, maana asiyeongea maumivu yake yanatoka kwa miguu.

Mwl_Shangani

Marahaba dada. Nakujibu kwa urefu maana ulichouliza ndo kiini.

Kwanza huruma kwako. Bridget Taylor, Linda LeBlanc na Melissa Nosik waliandika mwaka 2018 kuhusu jambo hili hili, waliwauliza wazazi wa watoto wenye usonji kuhusu wataalamu wa tabia wanaowahudumia, ikaonekana kuna mapungufu upande wa kusikiliza na kumjali mzazi. Mtaalamu anaweza kuwa na mpango mzuri kwenye karatasi, lakini kama hajakuuliza umelala saa ngapi mpango huo hautafanyika. Kwaiyo mtu akikupa kazi ya kuandika daftari siku nzima wakati uko peke yako na jiko, mwambie haiwezekani, na asione umeshindwa.

Mlango ufunge. Usione aibu. Usalama unatangulia kila kitu, weka komeo juu asikofika, ila na wewe uweze kulifungua haraka kukitokea moto. Kumfunga mkono ndo tutafute namna tuuache, na hatuuachi kwa kukusema, tunauacha kwa kukupatia mtu na njia nyingine. Una jirani au binti wa ndugu anayeweza kukaa nae muda wa kupika tu? Mmoja anatosha kuanzia.

Alafu tuulize bahari inampa nini. Watoto wengi wa hivi wanavutwa na maji. Kama ni maji yenyewe basi mpe maji, beseni uani kila siku muda ule ule anaopenda kukimbia, na ukipata mtu wa kwenda nanyi, mpelekeni pwani mmemshika mkono. Wakati huo huo kata boksi, chora au bandika picha ya bahari, iweke mlangoni kwenye usawa wa macho yake, kila mkitoka kwenda kwenye maji aiguse kwanza, mwanzoni mshike mkono wake taratibu kama anakubali, akivuta mkono mwache, gusa wewe mbele yake. Lengo ni siku aiguse mwenyewe kabla ya kukimbia. Akiigusa, mpe maji hata kama ni beseni, usimwambie baadae. Na wale wavuvi waambie wazi, mwanangu ni hivi, haongei, mkimwona mshikeni kwa upole mnipigie. Huku kwetu ukiomba watu wa ufukweni wanakusaidia.

Na kitu kimoja usifanye bila mtu wa kukusaidia, usijaribu "kumpuuza mpaka aache". Ukiacha kumpa kitu ambacho kilio kilikuwa kinampatia, kilio kinapanda kwanza kabla hakijashuka, atalia zaidi, anaweza kujipiga zaidi. Ukichoka katikati ukampa, na mtu yeyote angechoka, inakuwa amejifunza kwamba kilio kidogo hakitoshi.

Tiba_Lindi

Naomba niingie, natibu watoto kwa mazoezi na shughuli, nipo Lindi. Mwl naheshimu unachofanya ila umeandika nusu ya historia. Hii elimu ya uchambuzi wa tabia imewaumiza watu. Miaka ya 60 mwanasaikolojia Ivar Lovaas kule UCLA, chuo kikuu cha Marekani, alitumia vibao na hata shoti ya umeme kwa watoto wenye usonji. Ule utafiti wake wa 1987 unaosifiwa, watoto 19, saa 40 kwa wiki, 9 wakafikia kusoma darasa la kawaida, humo ndani kulikuwa na kukaripiwa na kupigwa kofi la paja. Marekani kuna kituo Massachusetts kimeendelea na vifaa vya shoti mpaka miaka yetu hii, FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya huko) ikavipiga marufuku 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Na hata bila shoti, watu wazima wenye usonji wanasema walilazimishwa kuangalia watu machoni, walizuiwa kupunga mikono, wakafundishwa kuficha walivyo kila siku ya utoto wao. Mtoto ametulia, mzazi kafurahi, ripoti nzuri, kumbe ndani kavunjika. Mimi siwezi kutumia jina la elimu hiyo mbele ya mzazi.

Mwl_Shangani

Dada yote uliyoandika ni kweli na nashukuru umeyaweka hapa wazazi wayaone. Nakubaliana na wewe kwamba utulivu wa mtoto sio ushahidi kwamba yuko sawa. Kupunga mikono simzuii mtoto, hakumuumizi yeye wala mwenzake. Kuangalia machoni sifundishi kabisa, hata adabu yetu huku mtoto anaongea na mkubwa akiwa ameinamisha macho, sasa tunamlazimisha huyu kwa kipimo cha nani?

Tunapotofautiana ni kwenye kuitupa yote. Ile daftari ya safu tatu ndo iliyomtetea yule mtoto wa kujing'ata. Bila kupima, tungebaki kwenye mizimu na kudekezwa. Na kutoka humo humo ndani walikuwepo waliosema mapema kwamba mwenye tabia aulizwe. Montrose Wolf, mmoja wa wale wa 1968, aliandika 1978 kwamba lazima tuwaulize watu wenyewe kama lengo lina maana kwao, kama njia wanaikubali, na kama matokeo wameyapenda. Hivi karibuni mtaalamu wa tabia Greg Hanley na wenzake wanaanza kwa kumjengea mtoto mazingira ambayo ana furaha na ametulia na anashiriki, na mtoto akitaka kuondoka anaruhusiwa. Mimi nimejifunza kwa hao.

Tiba_Lindi

Sawa, hapo kwa kuruhusiwa kuondoka tupo pamoja. Ila niulize, mtoto asiyeongea unajuaje amekubali? Na je chakula? Nimekutana na mtaalamu anamnyima mtoto chai asubuhi ili biskuti "zifanye kazi" saa nne.

Mwl_Shangani

Kunyima chakula ni ukatili, hapana, iwe kwa mtaalamu iwe kwa mzazi. Mtoto ashibe kwanza. Ukiona unahitaji njaa ili somo lako lipendwe, badili somo.

Kukubali naangalia mwili. Anakuja mwenyewe ninapotandika mkeka? Anabaki bila kushikwa? Akigeuza uso, akisukuma kitu, akikaza mabega, hiyo ni hapana, nasimama, najaribu kingine au naacha. Kuna yasiyo na hiari, kama dawa, kidonda kuoshwa, kuvuka barabara, hapo namwandaa kwa picha na wimbo ule ule kila mara ili asishtukizwe, na nakubali kwamba atalia na nitambembeleza. Wewe unaangalia nini zaidi? Nauliza kweli.

Tiba_Lindi

Pumzi. Na kama anarudi kesho yake kwa kukimbia au kwa kuburuzwa. Wanaoburuzwa mlangoni ripoti yao mimi siiamini.

Karani_Ruangwa

Uzi mzuri sana. Sasa mimi nasimamia vibarua wa ghala msimu wa ufuta, wanachelewa. Naweza kutumia hizi mbinu bila wao kujua? Na mke wangu na simu yake usiku, vipi?

Mwl_Shangani

Kaka bila wao kujua hapana, na kwa mke wako hapana mara mbili. Mtu mzima anaongea, muulize. Kwa vibarua angalia kabla na baada, wakiwahi nini kinatokea? Kama anayewahi anakaa saa nzima akisubiri funguo na halipwi kwa saa hiyo, kuwahi kumeadhibiwa. Wakae wenyewe waseme ni nini kitawasaidia, mkubaliane, uone kama inabadilika. Kuhusu simu, mwambie unavyojisikia, nae atakwambia anachokipata kwenye hiyo simu ambacho labda hakipati kwako saa hizo.

Baba_Wanne_Masasi

Nimerudi. Kuhusu fimbo bado sijakubali yote, ila hilo la "nani kafundishwa na fimbo" limenikaa. Wa kwangu wa tatu anaficha madaftari akirudi shule. Nilikuwa namchapa kwa kuficha.

Mwl_Shangani

Baba Wanne asante kwa kurudi. Usianzie kwenye kuficha, anzia kwenye kilichomo ndani ya daftari. Kaa nae mkafungue pamoja, sema kwanza kile alichopata hata kama ni mbili kati ya kumi, alafu muulize ipi ilikuwa ngumu. Fanya hivyo mara nyingi na usichape hata ukikuta sifuri, maana ukichapa mara moja tu katikati atarudi kuficha, na hapo ana sababu. Ukiona hesabu zote zinazotoka ubaoni kakosea na za mdomoni anapata, mpeleke akapimwe macho.

Mama_Z_Mikindani

Mwalimu nimesoma na dada yangu mdogo, amekubali kukaa nae muda wa kupika jioni. Beseni nimeweka leo, amekaa humo mpaka vidole vimekunjamana. Picha ya bahari nimekata kwenye kalenda ya zamani, sasa ataila, anatafuna karatasi zote. Na je kama ataigusa kila saa na mimi sina maji, huku bomba linatoka kwa zamu?

Mwl_Shangani

Hongera dada, na umpe hongera mdogo wako pia.

Picha ibandike kwenye kipande cha mbao au kifuniko cha ndoo, ifunike na plastiki ngumu na izungushie gundi ya karatasi pande zote, alafu ipigilie mlangoni isitoke, agonge tu kwa kiganja. Akitafuna vitu sana mpe kitambaa safi kilichofungwa fundo kiwe cha kutafuna, na mwambie daktari, kutafuna vitu visivyo chakula kuna wakati kunaendana na upungufu wa damu.

Maji usibadilishe kila akigusa, yale yale ya beseni yafunike yakae siku nzima kwa ajili yake, juu ya kifuniko weka jiwe zito, na asiwe nayo peke yake hata kidogo, hata yakiwa ya kina kifupi. Siku bomba halitoki kabisa, akigusa picha usikae kimya, mwonyeshe beseni tupu, mpe kikombe cha maji na kijiko amwagie mchanga. Wiki ya kwanza jitahidi siku kama hizo ziwe chache, hata ikibidi kununua dumu moja, kwa sababu sasa hivi anajifunza kama kugusa kunajibiwa. Jumamosi nakuja Mikindani kwa shughuli zangu, ukipenda nitapita na mke wangu tuone huo mlango na komeo, nitumie ujumbe pembeni.